Seva ina watu elfu nne, mbona sina hata mwenzangu mmoja?

Swali: "Nina miaka 27 na nimecheza gemu za mtandaoni tangu nikiwa sekondari, lakini peke yangu: naingia, napangiwa watu nisiowajua, tunacheza, tunaachana. Mwenzangu wa kazini ana kundi lake. Jumatano na Jumamosi usiku humtoi nyumbani, na watu hao, ambao hajawahi kuonana nao ana kwa ana, anawaita ndugu zake. Nami nikajiunga na seva ya Discord, yaani ukumbi wa mtandaoni wa kuzungumza kwa maandishi na sauti, ya gemu ninayoipenda. Ina watu zaidi ya elfu nne. Mwezi wa tatu huu, sina hata mtu mmoja ninayemjua kwa jina. Wenzangu wanapata nini huko? Na kama ni kuanzisha kundi langu, naanzia wapi?"

Ndugu yangu, hujakosea gemu, na wala huna kasoro katika kuzungumza na watu. Umeingia uwanjani ukitarajia kupata timu. Seva ya watu elfu nne ni uwanja: ina kelele, ina habari, ina mashabiki, na unaweza kukaa humo mwaka mzima bila mtu kujua siku ambayo hukuja. Mwenzako wa kazini ana kitu kingine. Ana watu kumi au kumi na watano ambao Jumatano akichelewa dakika tano, mmoja wao huuliza, "Fulani yuko wapi?" Watu hubaki kwenye jamii za gemu kwa sababu ya swali hilo, na karibu kila nitakachokueleza hapa ni namna ya kufika mahali ambapo wewe ndiwe utakayeulizwa.

Tazama pambano la watu watano katika gemu kama World of Warcraft. Mmoja anabeba ngao. Kazi yake ni kumfanya adui ampige yeye tu, asiwaguse wengine. Mmoja ni mponyaji. Watatu wanashambulia. Adui mkubwa anainua rungu, na kwenye sauti unasikia: "Linakuja, sekunde tatu." Mponyaji anajibu, "Mana imebaki asilimia kumi, tumia dawa yako," yaani nguvu yake ya kuponya inakaribia kwisha. Mbeba ngao anakunywa chupa yake, rungu linashuka, uhai wake unabaki mstari mwembamba mwekundu, hafi. Mtu anashusha pumzi ndefu kwenye maikrofoni na wote wanacheka. Sekunde nane zimepita. Ndani ya sekunde hizo kila mmoja amemtegemea mwenzake kwa jambo ambalo asingeliweza peke yake, na kila mmoja ameonekana akilitimiza. Lirudie hilo mara mbili kwa wiki kwa miezi sita. Utajua nani hupandwa na hasira akishindwa, nani hunyamaza, nani husema "kosa langu" kabla hajaulizwa. Tabia ya mtu hutoka nje akiwa na kazi mkononi, tena upesi kuliko ukimuuliza habari za maisha yake.

World of Warcraft ilipotoka Novemba 2004, mapambano yake makubwa yalitaka watu 40 kwa pamoja. Huwezi kuwapanga watu 40 bila orodha, bila viongozi, bila njia ya kusikilizana na bila kanuni za kugawana ngawira. Basi watu wakaunda vyama, si kwa sababu walipenda vyama bali kwa sababu bila chama hakuna ushindi. Urafiki ukaota humo humo. Leo kiwango kigumu zaidi cha gemu hiyo kinataka watu 20, na viwango vilivyo chini yake vinakubali kati ya 10 na 30. Gemu nyingi nazo zimeweka kitufe kinachokutafutia wachezaji wenzako ndani ya dakika moja. Ni kitufe chenye manufaa, sikilaumu kwa hilo. Lakini mtu uliyempata kwa dakika moja huna sababu ya kulikumbuka jina lake, maana dakika moja baadaye utaletewa mwingine. Unaposema "napangiwa watu, tunacheza, tunaachana", umelitaja tatizo lako mwenyewe.

Haya hayakuanza na gemu zenye picha nzuri. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika gemu iliyoitwa MUD, na Richard Bartle akaiendeleza: ilikuwa maandishi matupu, watu kadhaa ndani ya ulimwengu mmoja. Mwaka 1996 Bartle aliandika uchambuzi ambao watengenezaji wa gemu wanaurejea mpaka leo, akiwagawa wachezaji mafungu manne: wanaotafuta mafanikio, yaani pointi na vyeo, wapelelezi, wanaotaka kuijua kila kona ya ramani na kila siri ya mfumo, watu wa soga, ambao gemu kwao ni kisingizio cha kukaa na wenzao, na wale ambao raha yao ni kuwashinda na kuwasumbua wengine, aliowaita wauaji. Usiuchukue mgawanyo huo kama kipimo cha nafsi. Utumie kama swali kabla hujaingia kundi lolote: mimi nataka nini hasa, na hawa wanataka nini? Mtu wa soga akiingia kundi la watafuta ushindi ataambiwa anapiga kelele katikati ya pambano. Mtafuta ushindi akiingia kundi la soga ataona wenzake wazembe. Wote ni watu wema, na ndani ya mwezi mmoja mmoja wao ameondoka.

Ipo pia raha ya kuwa karibu na watu bila kuwa nao. Mwaka 2006 watafiti wa kituo cha PARC, Marekani, waliwafuatilia wachezaji wa World of Warcraft wakakuta kwamba wengi hutumia muda mwingi wakicheza peke yao katikati ya wengine: wanaonwa, wanaona, wanasikia mazungumzo yakipita. Mwaka huo huo watafiti wengine, Constance Steinkuehler na Dmitri Williams, waliandika kwamba gemu za aina hii zinafanya kazi ya kijiwe, mahali ambapo si nyumbani wala kazini, unapopita bila miadi na kukuta watu. Walionya jambo ambalo linakuhusu wewe moja kwa moja: kijiwe cha namna hiyo ni hodari wa kukukutanisha na watu wa aina nyingi, lakini si hodari hivyo wa kukupa wale wachache wa kukushika mkono siku ya shida. Kwa hiyo usiitoke seva yako kubwa. Itumie kwa kazi inayoiweza, ambayo ni kukuonyesha walipo watu.

Na usidhani kwamba lazima uwe na vidole vyepesi ndipo uhitajike. Januari 2014, katika EVE Online, gemu ya anga iliyotengenezwa Iceland, yalitokea mapigano ya B-R5RB: yalidumu saa 21 hivi, yakaingiza wachezaji zaidi ya 7,500, na meli 75 za daraja kubwa kuliko zote ziliteketea. Chanzo chake kilikuwa malipo ya umiliki wa eneo hilo la anga kutolipwa kwa wakati. Karani mmoja akisahau, majeshi yanagongana. Makundi makubwa ya EVE yana wahasibu, wasafirishaji, wapelelezi, waalimu wa wageni, na wengi wao hupiga risasi mara chache sana. Kundi lolote, hata la watu wanane, lina upungufu wa watu wa kutunza ratiba na orodha. Ukiwa mzuri wa hilo, una nafasi.

Sasa namna ya kulipata kundi. Katika seva yako nenda kwenye chaneli ya kutafuta wachezaji na uisome kwa dakika ishirini kabla hujaandika kitu. Tafuta tangazo linalotaja siku, saa, nafasi zilizo wazi, lugha, na kiwango cha ushindani. Tangazo linalosema tu "tunapokea wote, hatuna makuu, njooni tufurahi" halijakuambia lolote. Mara nyingi nyuma yake kuna watu mia mbili wasiocheza pamoja, yaani seva yako ile ile kwa udogo.

Kisha andika. Najua jinsi wageni wengi wanavyoandika: "Habari zenu, mimi mgeni hapa." Wanapata vidole gumba vitatu na ukimya. Si ukali wa wenyeji. Ujumbe huo haumpi mtu cha kujibu. Andika hivi: "Habari za jioni. Nacheza mponyaji, niko daraja la dhahabu, napatikana Jumanne na Alhamisi kuanzia 20:00 hadi 23:00, nina maikrofoni. Natafuta wanne wa kucheza nao kila wiki, kushindwa si shida mradi tunaelewana." Anayekosa mponyaji Alhamisi atakujibu siku hiyo hiyo.

Njia ya pili ni bora zaidi, na watu wengi wanaipuuza. Ukimaliza mechi nzuri na watu uliopangiwa, tuma ombi la urafiki ndani ya dakika moja, kabla majina hayajapotea, pamoja na sentensi moja: "Tumecheza vizuri, nipo tena Alhamisi saa hizi, turudie?" Ukichelewa, Steam, lile duka la gemu za kompyuta, na Xbox hutunza orodha ya wachezaji uliokutana nao karibuni. Wengi hawatajibu, na hilo lisikuume. Tuma kumi, wawili wakirudi Alhamisi, tayari mko watatu.

Kundi likikupokea, jipe wiki tatu na uhudhurie siku ile ile kila wiki, kwa sababu sura mpya inayoonekana Jumatano, ikapotea, ikarudi Jumapili, haimkai mtu kichwani. Katika wiki hizo sikiliza mambo mawili. La kwanza, wanamsemaje mwenzao ambaye leo hayupo? Wakimteta yeye, kesho ni zamu yako. La pili, dakika tano baada ya kushindwa vibaya huwa zinakuwaje? Kundi zuri huuliza "tulikosea wapi?" na lile bovu huuliza "nani kakosea?" Hapo ndipo utakapojua ubaki au uondoke, wala huhitaji kusoma kanuni zao.

Sauti nayo isikuharibie. Vaa hedifoni, kwa sababu spika zikiwa wazi maikrofoni hurudisha sauti za wenzako kama mwangwi, nao watakuzima kimyakimya bila kukuambia. Weka maikrofoni upana wa vidole viwili au vitatu kutoka mdomoni, pembeni kidogo, pumzi isipige moja kwa moja. Kama nyumba ina kelele, chagua mpangilio wa kubonyeza kitufe ndipo usikike, na uwashe kipunguza kelele cha Discord. Kama una haya ya kuzungumza, sema mapema: "Leo nitasikiliza tu." Watu wanalielewa hilo vizuri sana.

Ukiamua kuanzisha kundi lako, usianze na seva. Anza na kazi, halafu hesabu. Chukulia kwamba kati ya watu watano, mmoja kila wiki atakuwa na dharura. Gemu ya watu watano basi inataka wanachama saba au wanane. Pambano la watu 20 linataka 25 au 26. Ukiwa na watano kamili, wiki ya pili mmoja anaumwa, mnaahirisha. Wiki ya tatu mwingine ana safari, mnaahirisha. Wiki ya nne hakuna anayeuliza tena. Makundi mengi machanga hufia hapo hapo. Kwa upande wa pili, ukiwa na watu kumi na wawili kwa viti vitano, saba wanakaa benchi, na mtu wa benchi anaondoka polepole bila kugombana na mtu. Kama mmezidi, gawaneni timu mbili zenye siku mbili tofauti.

Siku na saa ziwe zile zile. Kura ya kila wiki ya "lini mnaweza?" inachosha na kuwapa wavivu neno. Sema Alhamisi, mchezo wa muda wa saa mbili na nusu, mwisho ni mwisho hata kama adui amebakiza uhai kidogo. Na hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu: ukiandika "saa 3 usiku" kwenye kundi lenye watu wa lugha nyingine, kuna atakayeweka kengele ya saa tisa usiku. Andika 21:00, na utaje ukanda wa saa, mfano UTC+3. Bora zaidi, tengeneza tukio ndani ya Discord, kwa sababu humwonyesha kila mtu muda huo kwa saa ya kwake.

Kwa mwanzo hata seva huihitaji: kikundi cha ujumbe cha Discord kinachukua watu hadi 10. Mkizidi hapo, fungua seva yenye chaneli tano: matangazo, soga, kupanga mechi, na za sauti mbili. Watu hupenda kufungua thelathini siku ya kwanza, moja ya picha, moja ya muziki, moja ya mapishi. Kila chaneli tupu inamwambia mgeni kwamba hapa hapakaliwi. Fungua mpya pale tu mazungumzo yanapogongana kwenye iliyopo.

Kabla ya kualika watu usiowajua, nenda kwenye mipangilio ya usalama. Kiwango cha kati cha uhakiki kinamtaka mtu awe na barua pepe iliyothibitishwa na akaunti iliyopita dakika tano tangu isajiliwe; cha juu kinaongeza sharti la kukaa kwenye seva yako dakika kumi kabla ya kuandika. Chagua cha juu. Boti nyingi za matapeli, yaani akaunti zinazoendeshwa na programu, hazisubiri dakika kumi. Walazimishe wasimamizi wote kutumia uthibitisho wa hatua mbili, mnyime mwanachama wa kawaida ruhusa ya kuwaita watu wote kwa mpigo mmoja, na kiungo cha mwaliko kiwe na tarehe ya mwisho. Usimpe msimamizi mpya mamlaka yote. Ruhusa ya kufuta ujumbe na ya kumnyamazisha mtu kwa muda zinamtosha.

Halafu kuna mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sijaona kanuni ya kuendesha kundi la gemu inayoizidi hiyo. Siku ya kwanza msalimie kwa jina, na mwenyeji mmoja, si wote, ajitolee kucheza naye mechi mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Liwe dogo lakini la kweli: aandike nani kahudhuria, arekodi mapambano ya Alhamisi, ahesabu vifaa vilivyomo ghalani, atafute kwa nini mlango wa tatu haufunguki. Mtu mwenye jembe lake ana sababu ya kurudi Alhamisi hata kama bado hajamjua mtu vizuri, na wengine wana sababu ya kumwita jina. Ukisubiri "azoee kwanza", atazoea kukaa kimya.

Ngawira huvunja makundi kuliko matusi. Adui mmoja ameangusha upanga mmoja, na watu watatu wanautaka. Tangu enzi za gemu ya EverQuest, iliyotoka 1999, vyama vilitumia pointi: ukihudhuria unapata, ukichukua kifaa unalipa. Ni njia ya haki mpaka wakongwe walimbikize pointi nyingi kiasi kwamba mgeni hawezi kushinda kitu mwaka mzima. Dawa yake ni kukata pointi za kila mtu kwa asilimia kumi hivi kila wiki, ili anayezificha azipoteze. Njia nyingine ni kamati ya watu watatu kuamua nani atafaidika zaidi. Kwa ushindi ni bora, lakini kama wanakamati ni marafiki wa damu hakuna atakayewaamini. Kwa kundi dogo la watu wasiokimbilia ubingwa, rusheni namba kati ya 1 na 100, na aliyeshinda leo asubiri nyuma ya wengine wiki hiyo. Chochote mtakachochagua, kiandikwe na kibandikwe juu kabla ya pambano la kwanza. Kanuni iliyotungwa baada ya upanga kuanguka itaonekana imetungwa kwa ajili ya mtu.

Kama gemu yenu ni ya kujenga, mfano Minecraft, hatari ni mbomoaji. Katika faili la server.properties weka white-list=true na enforce-whitelist=true, kisha uwaongeze watu mmoja mmoja kwa amri ya /whitelist add ikifuatiwa na jina. Kama seva yenu ni ya Paper, aina ya seva ya Minecraft inayokubali programu za nyongeza, weka programu ya nyongeza iitwayo CoreProtect tangu siku ya kwanza, kwa sababu haiwezi kurudisha ambacho haikukirekodi. Mtu akibomoa, simama karibu na uharibifu na uandike /co rollback u:jina t:2h r:20; itarudisha aliyoyafanya mtu huyo kwa saa mbili zilizopita ndani ya bloku 20 kutoka uliposimama. Mara moja kwa wiki, zima seva na unakili folda ya ulimwengu wenu kwenye diski nyingine. Nyumba iliyojengwa kwa miezi minne na watu wanane ikipotea kwa diski moja kuharibika, na kundi nalo huenda.

Ugomvi utakuja. Usiuamue hadharani. Mnyamazishe mtu kwa saa moja, Discord ina kitufe chake, kisha mwandikie faraghani ukinukuu maneno yake mwenyewe na kumwambia ni kanuni gani ameivunja. Akirudia, siku moja. Akirudia tena, aende. Andika kila hatua mahali wasimamizi wote wanaona, la sivyo mwezi ujao mtabishana kama alikwisha onywa. Mtihani mgumu ni yule mchezaji hodari kuliko wote ambaye huwatukana wanyonge. Viongozi humvumilia kwa sababu anashinda mechi, na huku watatu wapole wanaondoka kimya kimya, kila mmoja akisema ana kazi nyingi. Mtoe mapema. Mtapoteza mechi kadhaa, lakini kundi litabaki na watu.

Na wewe kiongozi, usibebe yote. Kupanga ratiba, kuongoza pambano, na kusuluhisha ni kazi tatu. Zipewe watu watatu. Kiongozi wa peke yake huchoka taratibu, huanza kuona Alhamisi kama zamu ya kazi, kisha siku moja haingii tena, na nenosiri la kila kitu amelishika yeye.

Tahadhari chache. Mtu akikuandikia kwamba amekuripoti kwa bahati mbaya na lazima uzungumze na "afisa" wa Steam ili akaunti isifungwe, huyo ni mwizi. Anayekuomba ujaribu gemu aliyoitengeneza anataka ufungue programu ya kuiba akaunti, hata kama jina ni la rafiki yako, maana akaunti ya rafiki inaweza kuwa imeshaibwa. Usiskani msimbo wa QR unaotumiwa ili "kuthibitisha" chochote. Msimbo wa kuingia Discord humfungulia mwizi mlango moja kwa moja. Kundi lako likiwa na watoto, na umri wa chini wa Discord ni miaka 13, mtu mzima anayemwita mtoto pembeni, anayempa zawadi na kumwambia asimwambie mtu, hasubiri onyo la pili: tunza ushahidi, mtoe, wajulishe wazazi na uripoti.

Kuhusu muda: uzuri ule ule wa kusubiriwa na watu unaweza kukufunga. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa kucheza gemu kupita kiasi katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022, na dalili zake si idadi ya saa. Ni kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea ingawa unaona madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Mchezaji wa makundi huponzwa zaidi na aibu ya kuwaangusha wenzake kuliko na gemu yenyewe. Ndiyo maana wale wanachama wa akiba niliokwambia ni muhimu mara mbili: kundi lenye watu wanane kwa viti vitano linamruhusu mtu kusema "leo siji" bila maelezo.

La mwisho ni kuhusu gemu kufa. Gemu ya City of Heroes ilifungwa Novemba 2012, seva zikazimwa mbele ya watu waliokuwa bado wanaipenda. Wachezaji hawakuachana. Waliendelea kukutana nje ya gemu, baadaye wakaendesha seva zao wenyewe, na Januari 2024 mwenye haki za gemu hiyo akalikabidhi kundi moja lao, Homecoming, kibali rasmi cha kuiendesha. Kwa hiyo mawasiliano ya kundi lako yasiishi ndani ya gemu peke yake. Kila mwanachama awe na njia ya kuwapata angalau wengine wawili mahali pengine, na katikati ya mwaka jaribuni gemu ya pili kwa Alhamisi mbili tatu, saa zile zile, watu wale wale. Siku seva zitakapozimwa, mtakuwa tayari mnajua pa kukutana wiki ijayo.